Fundi wa Bongo Hajaligusa

...na kwa nini mteja aulize tena, alishajibiwa, friji hili fundi wa Bongo hajaligusa, kila anayeuza mafriji ya mtumba hapa Kariakoo anasema hivyohivyo, na Mrisho hakusema uongo, kalamu iko juu ya risiti, limebaki jina la mteja tu, Leticia, wa Ilala, kainamisha shingo anasikiliza mngurumo kama mzazi anayesikiliza kifua cha mtoto, uongo uko wapi, aliyelifungua na kuchomelea bomba la gesi ni Marcelino, na Marcelino ni mtu wa Msumbiji, si wa Bongo... juzi yeye na Marcelino walilicheka jambo hilo hadi machozi, Mrisho mwenyewe ndiye aliyemshikia tochi... "Kaka Mrisho, usinichoke, dawa ya sukari ya mama inataka ubaridi usiokatika, ile ya mwezi uliopita iliharibika yote," anasikia nusu, nusu nyingine ni Siti, bintiye, anasomea sheria, jana mezani, wali mdomoni, "baba, maelezo ya uongo kwenye mkataba ni aina tatu, mmoja anasema anachokiamini, mwingine anasema bila kuhakikisha, wa tatu anajua kabisa," akamwambia kula kwanza mwanangu... sasa ona, maneno ni yaleyale, friji ni lilelile, lilipotoka bandarini wakala alimhakikishia halijaguswa, naye Mrisho akamuuzia mteja wa kwanza, Goodluck, kwa moyo safi, siku ya nne likarudi, halishiki baridi, haya, hiyo ya kwanza, akamwambia mteja wa pili, Abdulhamid, vilevile bila hata kulivuta kutoka ukutani, na nyuma mafuta yanachuruzika, hiyo ya pili, likarudi tena, ndipo akaitwa Marcelino, akamaliza, akapangusa mikono, bosi, hili linaweza kwenda wiki, linaweza kwenda mwaka, mimi siahidi... na leo... "ukisema ukweli nusu ili mtu aamini uongo mzima, baba, umeshamdanganya," hilo nalo Siti alilisema au anajitungia mwenyewe, mbona masikio yanawaka, Msumbiji, jamani, mtu mzima na ndevu zake anajificha nyuma ya Msumbiji, na mama wa watu atajidunga dawa iliyokufa akidhani anajitibu, aibu gani hii, anaona aibu kweli... Leticia kaweka kiganja juu ya mlango wa friji, "kwa hiyo halijafunguliwa kabisa, na fundi yeyote?" yeyote, kaneno kadogo, Msumbiji yote imefungwa, friji linanguruma vizuri, vizuri mno, nje spika inatangaza bei ya mashuka, kalamu bado iko juu ya risiti, Leticia bado anasubiri, na Mrisho, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiomba asiulizwe hivyo, anamshukuru kimoyomoyo kwa kuuliza, usiutoe huo mkono, dada, usiondoke, ngoja kwanza jina la Marcelino linitoke...