Mpaka Wenye Milango Mitano

"Mama Pauline, kwani kwako chumvi iliisha?"

Cheptoo, jirani yangu hapa Kitale, ndiye aliyeniuliza hivyo, tukiwa tumesimama kila mtu upande wake wa ua. Sikumwelewa. Akaelekeza kidevu nyuma yangu. Mjukuu wangu Phelista alikuwa amechuchumaa mbele ya jikoni, macho ameyafumba, analamba mlango.

"Ni kazi ya shule," nikasema.

Cheptoo akafikiri kidogo. "Gredi ya ngapi?"

"Ya tano."

"Wangu ako ya nne," akasema. "Wacha nipake mlango wangu pilipili mapema."

Mimi sikuona ajabu kubwa. Siku hizi mtoto akisoma, nyumba nzima inasoma. Nilikuwa nimeshapeleka shuleni maganda ya mayai, manyoya ya kuku na kamba ya mgomba. Kulamba mlango kulikuwa kugeni, lakini si kwa mbali sana.

Nilimwita nikamwambia alete karatasi. Ilikuwa na picha ya nyumba iliyochorwa na Mwalimu Kibiwott, na nyumba hiyo ilikuwa na milango mitano. Mlango wa macho, wa masikio, wa pua, wa ulimi, wa ngozi. Juu kwenye paa unaandika jina la kitu unachotaka kueleza. Halafu katika kila mlango unaandika kilichoingia kwa mlango huo. Milango ikijaa, ndipo unatunga insha. Phelista alikuwa ameandika juu ya paa "Jikoni kwa Kukhu", yaani mimi nyanya yake, na alikuwa amejaza milango minne. Wa ulimi ulikuwa mtupu.

"Mwalimu alisema tusiache mlango wazi," akaniambia.

"Na umeonja nini?"

"Rangi na moshi."

"Basi andika, uache kulamba nyumba yangu."

Ijumaa nilipita shuleni. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, na wakati wetu mwalimu aliandika ubaoni "Eleza nyumbani kwenu," sisi tukaandika "Nyumbani kwetu ni kuzuri sana," akapiga vema, tukaenda kuchunga. Kwa hiyo nilitaka kujua.

"Mwalimu," nikasema, "mtoto analamba milango."

Mwalimu Kibiwott ni kijana mpole. Akavua miwani, akaifuta. "Mlango wa ulimi ni wa vitu vinavyolika, mama. Nitawaambia."

Akanionyesha daftari la Phelista. Mahali alipoandika "Jikoni kwa Kukhu ni kuzuri" palikuwa pamekatwa kwa kalamu nyekundu.

"Sasa hapa kosa ni nini?" nikauliza. "Jikoni kwangu ni kubaya?"

"Sijui, mama. Ndiyo shida. Kuzuri hakukuingia kwa mlango wowote. Hiyo ni hukumu, na mtoto si hakimu. Alete kilichoingia tu, atakayesoma atahukumu mwenyewe."

Nilitembea na maneno hayo mpaka nyumbani, nikayaweka pamoja na ya mahubiri ya Jumapili. Sababu nitaieleza.

Sisi kwetu hasa ni Bungoma, upande wa Sirisia. Marehemu mume wangu alipokufa aliniachia eka moja na nusu, na shemeji yangu Wakhungu ana zake mbili zinazopakana nami. Kati yetu kuna mstari wa mikonge uliopandwa na baba yao. Baba Pauline alizikwa karibu na mikonge hiyo kwa sababu alipapenda, na kati ya kaburi lake na mpaka palibaki nafasi. Hatua sita. Nafasi hiyo ni yangu. Sijaomba dunia hii vitu vingi, lakini nimeomba kulala hapo, na watoto wangu wanajua.

Mwezi wa sita nilikwenda kupalilia mahindi. Nikasimama kaburini nikasali, na nilipofumbua macho mikonge ilikuwa karibu. Nikahesabu. Hatua moja na nusu. Upande wa juu, kule barabarani kunakopita watu, mstari ulikuwa palepale. Upande wa chini ulikuwa umepinda kama mkia wa ng'ombe. Ng'ambo yake, mahali pangu pa kulala, Wakhungu alikuwa na viazi vitamu.

Sikupiga kelele. Wakhungu ni mzee wa kanisa, anayeomba kwa sauti mpaka watoto wanalala. Mimi ni mjane ninayefagia kanisa Kitale. Mjane akitaja mpaka, watu husema ameshapata mume mjini na sasa anataka kuuza. Nilikwenda kwa Mzee Mukhwana, mzee wa kijiji, nikamweleza mimi na yeye tu.

"Nimesikia, mama," akasema. Yeye ulimi wake hubadilisha herufi kama wengi wa huko. "Rakini hiro ni neno rako na rake. Nikimwita atasema mpaka uko pare pare. Mimi nitasema nini? Niretee shahidi."

Shahidi sikuwa naye. Cheti cha shamba bado kiko kwa jina la baba mkwe, na waliovuta kamba siku ya kugawa shamba wote wako chini ya udongo. Nikarudi Kitale, nikaendelea kufagia.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, Mwalimu Kibiwott aliwapa watoto kazi ya likizo. Kila mmoja aeleze kitu kimoja kisichosema. Mwezi huohuo tulikuwa na maombi ya kumkumbuka Baba Pauline, mwaka wa tatu, kwa hiyo nilikwenda Sirisia na Phelista siku mbili mbele ili nipike.

"Kukhu, nieleze nini?" akaniuliza asubuhi.

Nilikuwa nachambua mchele. Nikachambua hadi ungo ukaisha.

"Eleza mpaka," nikasema. "Ile mikonge. Anzia juu kule barabarani, uishie kwa kaburi la babu yako."

Hayo tu. Sikumwambia aone nini wala asikie nini. Lakini kumtuma nilimtuma, na hilo nimeshalikiri mbele za Mungu, kwa hiyo naweza kulikiri hapa.

Alikaa huko asubuhi nzima na karatasi yake juu ya kipande cha mbao. Nilikuwa nachungulia kutoka jikoni. Alikuwa anavuta majani. Alikuwa anakanyaga chini kwa kisigino, anainama, anasikiliza. Kisha nikamwona Wakhungu anakuja na ng'ombe wake, na mikono yangu ikasimama ndani ya maji.

"Unafanya nini hapo, mama?" akamuuliza. Huko kwetu mtoto wa kike ni mama wa kila mtu.

"Kazi ya shule, kuka," Phelista akamwita babu.

"Soma, soma. Ukoo huu umekosa wasomi." Akatoa kisu, akamkatia ncha ya jani la mkonge asije akajichoma. Mtoto alipomweleza habari ya mlango wa ulimi, Wakhungu alicheka, akaingia kwenye viazi vyake, akachimbua kimoja kikubwa akampa. Si mtu mbaya kwa watoto. Niseme hivyo pia, maana hilo nalo liliingia kwa mlango wangu wa macho.

Siku ya maombi watu walijaa turubai moja na nusu. Tuliimba, mchungaji akahubiri, sadaka ikapita. Desturi ya nyumba yetu ni kwamba kabla ya chakula mtoto mmoja husimama kuwasomea wageni, mstari wa Biblia au shairi la shule, ili wapishi wapate muda wa kupakua. Wakhungu ndiye aliyekuwa akiongoza shughuli.

"Leo tutasikia mtoto wa Kitale," akasema. "Huyu nimemwona mwenyewe akifanya kazi asubuhi nzima, bila kusukumwa. Wa hapa mko wapi? Mko kwa simu. Phelista, njoo na karatasi yako usomee wazee."

Phelista akaenda mbele, soksi moja juu, moja chini.

"Umeandika juu ya nini?"

"Mpaka wa Babu, kuka."

Wakhungu akaitazama ratiba yake. Akaangalia saa. "Labda chakula kiko tayari," akasema.

"Bado," akasema Dinah, mke wake, kutoka mlangoni mwa jikoni. "Soma, mama."

Phelista akasoma, kwa ile sauti ya shule isiyopanda wala kushuka.

"Mpaka wa Babu umepandwa mikonge. Mlango wa macho. Mikonge ya juu ni mirefu na imesimama kwenye mstari. Ya chini imelala kidogo kama watu waliochoka kanisani. Ndani ya viazi vya Kuka Wakhungu kuna vimkonge vidogo vinachipuka. Vimejipanga mstari mmoja na mikonge ya juu, kama watoto wa gwaride.

"Mlango wa ngozi. Mkonge wa juu niliuvuta kwa mikono miwili, haukusogea. Wa chini niliuvuta kwa mkono mmoja, ukacheza kama jino langu kabla halijang'oka."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Wale wa simu walikuwa wameinua vichwa.

"Mlango wa masikio. Nikikanyaga kwa kisigino kule juu inalia ti. Kule chini inalia pu. Mlango wa pua. Kule juu kunanuka vumbi na mkojo wa ng'ombe. Kule chini kunanuka meko, kwa sababu chini ya kila mkonge kuna majivu. Mlango wa ulimi. Kuka Wakhungu alinipa kiazi kutoka karibu na vile vimkonge. Ni kitamu kama kastadi. Lakini mzizi wa mkonge ulikuwa umekitoboa katikati, nikautema. Mwisho."

Akainamisha kichwa kidogo, kama walivyofunzwa.

Mzee Mukhwana alikuwa ameketi safu ya mbele. Akasimama polepole, akaokota fimbo yake, akatoka kwenda upande wa kaburi. Safu ya mbele ikamfuata, halafu ya pili, halafu mchungaji. Mimi nilibaki nimesimama karibu na sufuria, nikawaona wote kwa mbali. Mzee alivuta mkonge wa juu. Akavuta wa chini. Akapiga kisigino, akasikiliza, akapiga tena. Akainama, akachota udongo kidogo, akaunusa. Ukimwona ungesema ni yeye aliyepewa kazi na Mwalimu Kibiwott.

Waliporudi chini ya turubai alimwita Phelista.

"Karatasi yako ni nzuri, rakini haikusema nani ariuhamisha mpaka."

"Hakuna mlango wa hiyo, kuka," Phelista akasema. "Mwalimu alisema tusihukumu."

"Mwarimu wenu ni mtu wa wapi?"

"Anatoka Endebess."

"Hm," akasema Mzee Mukhwana. Kisha akamgeukia shemeji yangu. "Mzee Wakhungu, kuna ra kuongeza?"

Wakhungu alikuwa bado amesimama pale pa kuongozea shughuli, ratiba mkononi. "Ni mchwa," akasema. "Mikonge ya chini ilikuwa inaliwa na mchwa. Nikaisogeza kidogo, nikaweka majivu."

"Mchwa wa chini tu?"

"Wa chini."

"Wa barabarani hawari mkonge?"

Hapo watu fulani walicheka, si kwa nguvu.

"Kidogo ni hatua ngapi?" Mzee akauliza.

"Sikupima."

"Mimi nilipima," Phelista akasema. "Kutoka kwa vimkonge mpaka kwa mikonge iliyolala. Saba zangu. Sijui za mtu mzima."

Mzee Mukhwana akaniangalia mimi. Ndiyo mara ya kwanza mtu aliniangalia tangu mtoto aanze kusoma.

"Mama Pauline, za mtu mzima?"

"Nne na nusu," nikasema. "Kutoka kwa kaburi zilikuwa sita. Zimebaki moja na nusu."

Sikuongeza kitu. Nilikuwa nayo mengi, ya usiku niliokosa usingizi, ya yale watu husema juu ya mjane, ya ile sauti Wakhungu anayoombea kanisani. Yote nilikuwa nayo ulimini. Lakini hayo yalikuwa ni hukumu.

Dinah akatoka nyumbani kwangu amebeba jembe. Sijui alilitoa wapi, nadhani nyuma ya mlango. Alipita katikati ya wageni kama mtu anayepeleka maji ya kunawa, akaliegemeza kwenye kiti cha mume wake, akarudi jikoni kupakua wali.

Mchungaji akauliza kama tubariki chakula.

"Tubariki," akasema Mzee Mukhwana. "Rakini mmoja atakura akirudi."

Nilimimina chai kikombe kimoja, nikaweka sukari tatu, kwa sababu Wakhungu anakunywa na tatu tangu nilipoolewa kwao. Nikampelekea kwa mikono miwili, maana ni shemeji yangu na siku hiyo alikuwa mgeni wangu.

"Karibu chai, shemeji."

Akaipokea. Akaangalia jembe, akaangalia watu, akaniangalia. Akanywa mpaka ikaisha, akaweka kikombe chini ya kiti, akakunja ratiba akaitia mfukoni mwa koti. Kisha akavua koti lenyewe, akalitundika kwenye kiti, akashika jembe, akatoka chini ya turubai kuelekea kwenye mikonge bila neno jingine.