Meko Yaliyokatwa Kama Koti

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba siku ya kwanza ya likizo, badala ya kupumzika kama msomi yeyote wa shule ya bweni, niliitumia kulalia karatasi ya kaki ili isipeperuke. Kazi hiyo nilipewa na Baba, ambaye ni fundi cherehani, kwa sababu alikuwa anapanga meko ya kuni uani.

Chanzo kilikuwa Bibi. Alihamia kwetu magoti yalipomshinda kuishi peke yake, na tangu siku hiyo alilitazama jiko la gesi kama mgeni asiyesalimia. "Moto gani huu mtu hawezi kuuota?" alikuwa akiuliza. Mwishowe akatoa uamuzi: mwezi ukiisha anarudi kwake, akaote moto wake, magoti na yote. Mama alilia. Baba hakulia, alichukua futi yake ya kupimia.

Mtu mwingine angechora ramani. Baba alikata. Alichora meko kwa chaki kwa ukubwa wake kamili, akayakata kwa mkasi wa suti, akayatandaza uani. Bomba la moshi alilikata peke yake, kama mkono wa shati. Nami kwa moyo wa kusaidia nikaandika "kola" juu ya bomba, na kwenye mdomo wa moto, "vifungo vitatu."

Fundi mwashi alikuja na kamba na vigingi. Alisoma kwa makini.

"Fundi, hivi vifungo vitatu ni vya nini?"

Baba alinigeukia taratibu.

"Labda vya kuzuia baridi," nikasema.

"Wewe lala hapo, unyamaze."

Mwashi akapima. Tukaisogeza karatasi kona hii, tukaisogeza kona ile, nami nikihama nayo kama jiwe lenye elimu.

"Hapa yanaingia chini ya paa, mtaunguza nyumba. Kule yanameza kamba za nguo. Na hapa katikati, nyinyi mtapita wapi? Juu?" Akaanza kukunja kamba yake. "Uwanja umekataa, fundi."

Bibi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. "Msijisumbue, mwanangu," akamwambia Baba. "Mmejaribu."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliotutisha. Bibi akiwa mzima hugomba.

Sikuwa na pa kutazama ila chini ya pua yangu, na hapo nikaona mistari miwili ya chaki. "Baba, kwani yanajengwa kwa mstari upi?"

"Wa ndani, bila shaka. Wa nje ni wa kukatia."

Mwashi aliacha kukunja kamba. "Umesemaje?"

"Nafasi ya mshono," Baba akamweleza, kwa subira ya bingwa anayemfundisha mwanafunzi. "Futi moja na nusu kila upande. Nguo kubwa huachiwa nafasi kubwa. Mteja akinenepa, tunaifungua."

Mwashi akalishika sikio langu. "Kijana, huu nao ni mchezo wako?"

Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na hatia, na hakuna aliyejiandaa kwa tukio hilo, hata mimi.

"Mwache," Baba akasema kwa sauti ndogo. "Ni mimi."

Kicheko kilianzia mlangoni. Bibi alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. "Miaka thelathini kwenye cherehani, anaogopa matofali yasije yakanenepa!" Mwashi aliketi chini kabisa, machozi yakimtoka.

Karatasi ilipokatwa upya kwa mstari wa ndani, meko yalikaa vizuri kando ya ukuta, mbali na paa. Bibi akaja polepole, akaokota kipande kimoja kilichokatwa.

"Hiki msitupe. Kijengeni upande huu kiwe cha kukalia, kimo cha kigoda. Na mdomo wa moto usitazame huko, moshi utaniingia machoni."

"Bibi, mimi nimejenga meko mengi..."

"Wewe utajenga uende zako. Atakayekaa hapa kila jioni ni mimi!"

Mwashi akamtazama Baba. Baba hakuwa amesikia kingine zaidi ya "kila jioni." Alijifanya kutafuta chaki mfukoni, akaitafuta kwa muda mrefu sana.

"Fanya anavyotaka," akasema.

"Na wewe, mume wangu," Bibi akanigeukia, "utalala hapo mpaka lini? Inuka ukalete kuni."

Hapakuwa na tofali hata moja pale uani. Nikainuka, nikaenda kutafuta kuni.