Tangi Chini ya Rejeta

Mashine ile niliipanga mimi, miezi minne mizima, na wa kwanza kukaa mbele yake hakuwa mimi. Naanza na hilo ili mjue mapema kwamba nina hasira, msije mkashangaa mbele ya safari.

Mimi husoma vitabu kwa sauti. Mchana napokea simu za malalamiko kwenye kampuni moja, natukanwa na watu nisiowajua mpaka jioni. Nikirudi nyumbani naingia stoo, niliyoizungushia mablanketi ukutani, nawasha maiki, nasoma. Mwaka huu kampuni ya vitabu vya kusikiliza ilitangaza kwamba inatafuta sauti moja ya kusoma riwaya kumi na mbili. Kazi ya miaka mitatu! Ningeipata, ningewaaga wale wa malalamiko bila kugeuka nyuma. Sharti gumu lilikuwa moja tu: unarekodi kwako, na nyuma ya sauti yako kusisikike chochote.

Sasa kompyuta yangu feni yake ilivuma kama mashine ya kusaga.

"Tuunde nyingine, tuipoze kwa maji," akasema pacha wangu. Yeye ni fundi kompyuta. Alinitangulia kuzaliwa kwa dakika kumi na mbili, na kwa dakika hizo anadai heshima zote za kaka mkubwa. Basi namwita kaka, yaishe.

Kila Jumamosi akawa anakuja mezani kwangu. Maji yapite juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yabebe joto lake, pampu iyasukume mpaka kwenye rejeta, yapoe, yarudi tena. Feni mbili kubwa zizunguke polepole, zisisikike. Pampu ikae juu ya sponji isitetemeshe kasha. Mimi nilichora, nikapima, nikafuta, nikachora tena. Nikamwambia tangi la maji likae chini kabisa, chini ya rejeta, ili likivuja lisiloweshe vifaa.

"Mdogo wangu, una akili wewe," akasema, akaupiga picha mchoro kwa simu yake ili akaagize vifaa.

Mkewe, yaani wifi yangu, alikuwa anakuja naye. Anakaa pale, anauliza navutaje pumzi, nageuzaje ukurasa bila kuchakarisha karatasi. Nilimfundisha vyote. Nilifurahi kupata mwenzangu, mjinga mimi.

Wiki moja baadaye, mteja mmoja akiniporomoshea matusi sikioni, nikashtuka kitini. Hewa! Hewa hupanda juu. Tangi likikaa chini, hewa itanasa kule juu kwenye rejeta na maji yatakuwa yanagugumia. Tangi linatakiwa kuwa juu kuliko vyote. Jioni ile ile nikachora upya, nikasema Jumamosi nitamwonyesha kaka, maana mambo ya mchoro hayaelezeki kwenye simu.

Jumamosi hakuja. Ya pili hakuja. Kwenye simu akasema, "Rejeta haijafika, vumilia kidogo." Nikampigia mama, anayeishi na kaka na mkewe, naye akaniambia yale yale: "Haijafika, mwanangu." Nikavumilia.

Siku ya mwisho ya kutuma sampuli nilirekodi na kompyuta yangu ile ile. Nimeifunika blanketi, na mwenyewe nimejifunika jingine, jasho linachuruzika mpaka kwenye kitabu. Majibu yakaja: sauti yako nzuri sana, ila tunasikia mvumo, tumempata mwingine. Wakaambatanisha na sampuli ya aliyeshinda, ati tujifunze ukimya unaotakiwa.

Nikavaa hedifoni. Sentensi ya kwanza tu nikamjua. Wifi! Nawaapia, nilifurahi. Kwa muda mfupi nilifurahi kweli. Nikasema kumbe na yeye aliomba, akaona haya kuniambia, labda kaazima studio ya mtu. Kisha akafika mwisho wa aya, akavuta pumzi vile nilivyomfundisha, na katika ukimya ule nikasikia kitu kidogo, kama mtu anameza mate chumba cha pili. Nikarudisha nyuma. Mwisho wa aya iliyofuata, kitu kile kile. Mwingine asingekisikia. Mimi nilikisikia kwa sababu lilikuwa kosa langu la tangi, nililolichora kwa mkono wangu.

Nikaenda kwao mchana huo huo. Nikavua viatu mlangoni, nikapita moja kwa moja. Chumba cha mama kilikuwa wazi. Kitanda kimesukumwa pembeni, mablanketi ukutani, na mezani kasha jeusi lenye kioo ubavuni. Ndani, mipira ya maji imepinda pale pale nilipoipinda kwa penseli. Wifi alikuwa kitini, kitabu mapajani. Aliponiona akainamisha macho.

"Naona rejeta imefika," nikamwambia kaka.

Akajichekesha. "Mdogo wangu, nilitaka kukueleza..."

"Lini? Akimaliza riwaya ya kumi na mbili?"

"Wewe una kazi. Mwenzio hana. Ni mke wangu, ningefanyaje?"

"Na mimi ni nani wako? Tumelala tumbo moja, leo unanizunguka?"

Mama, aliyekaa ukingoni mwa kitanda, akaniambia nisipayuke. Nikamgeukia. "Mama, ulijua?"

Hakujitia hamnazo, namshukuru kwa hilo. "Nilimshikia mpira wakati anaufunga," akasema. "Peke yake asingeweza."

Nikatafuta pa kuwaumiza hata kidogo.

"Basi mjue mashine yenu ina kasoro. Tangi limekaa pabaya. Inagugumia, na itazidi kila maji yakipungua. Hawajasikia bado, lakini watasikia."

Kaka akainama kwenye kioo. "Si ndivyo ulivyochora?"

"Nilikosea."

"Sasa liwekwe wapi?" Akachomoa penseli sikioni, akaninyooshea. Jamani, akaninyooshea penseli! Hata haya hana!

Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo nimpe anachostahili, na majirani wasikie. Wifi akainua kiganja, taratibu.

"Samahani sana, wifi," akanong'ona. "Wanaitaka sura ya kwanza saa kumi. Naomba kimya kidogo tu."

Akawasha maiki, taa nyekundu ikawaka. Kaka akaganda alipo. Mama akaweka kidole mdomoni, akinitazama mimi.

Na mimi, kwa mazoea ya miaka yote ya kukaa mbele ya taa kama ile, nikanyamaza. Nikatoka kwa ncha za vidole, viatu mkononi, nisimharibie.