Mkuyu wa Chunguni

Tangu lini mti ukawa na kesi kanisani? Damari aliliuliza swali hilo mara tatu Ijumaa ile, mara ya kwanza akiwa bado ameshika mwiko, na mjumbe aliyesimama mlangoni alizidi kurudi nyuma. Masikini, alikuwa ametumwa tu. Wazee wa kanisa wamesema matangazo ya ndoa ya Yudith, binti wa Damari, hayatasomwa Jumapili. Hayatasomwa mpaka baba yake, Sedekia, auchome moto ule mti wake, kisha asimame mbele ya usharika akiri uchawi.

"Uchawi!" alisema Damari. "Sedekia huyu? Mtu anayemwogopa jogoo wake mwenyewe?"

Mjumbe alitazama chini, akaaga, akaenda zake upesi.

Sasa mti wenyewe ulikuwa hivi. Ulikuwa mkuyu wa miaka kumi, na haukufika goti la mtu mzima. Ulikaa kwenye chungu kipana cha udongo, mizizi yake imelishika jiwe jeusi la mtoni, imelizunguka pande zote, hata usingeweza kusema jiwe linaanzia wapi. Ukiutazama peke yake, uliona mkuyu mzee kabisa, shina nene, matawi yameinama kwa umri. Kisha kuku akipita karibu, unashtuka, maana kuku ni mkubwa kuliko mkuyu.

Sedekia aliuchimbua kwenye ufa wa mwamba mwaka aliporudi Mufindi kutoka vita kuu ya pili, katika jeshi la Keya la Waingereza. Huko Burma aliwekwa kulinda mateka wa Kijapani, na mmoja wao, mtu mzima mwenye mguu mbovu, alikuwa na mti ndani ya kopo la nyama. Maji yake ya kunywa aligawana na ule mti. Kwa huyo ndiko Sedekia alikojifunza kupunguza mizizi, na kufunga tawi kwa waya mpaka likubali kuinama. Mkalimani alimweleza pia kwamba kwao yule mateka, na kwa Wachina vilevile, watu huweka jiwe juu ya meza wakakaa kulitazama, jiwe tu, bila kulifanyia kazi yoyote.

Damari alicheka habari hiyo miaka kumi mfululizo. "Wenzako wamerudi na baiskeli, wewe umerudi na ugonjwa wa kutazama mawe," alimwambia. Na wageni wakija: "Zakayo angepanda mkuyu huu, Bwana Yesu angemkanyaga." Lakini hayo yalikuwa yake. Mume ni wake, wa kumcheka ni yeye. Hakumpa ruhusa mtu mwingine.

Na aliyejipa ruhusa alikuwa Mzee Gideoni, mkubwa wa wazee wa kanisa, na siku za kazi nyapara wa wachumaji kwenye shamba la chai la Mzungu. Mzee huyu alikuwa na mjukuu, Danieli, mtoto wa mkwewe Marta. Danieli alikuwa na miaka minne na ukimwona ungesema ana miwili. Miguu myembamba, tumbo limejaa, nywele zimekuwa nyekundu. Siku moja Gideoni alipita kwa Sedekia, akaona waya kwenye matawi ya mkuyu, akaondoka bila kumaliza salamu. Anayeuzuia mti usikue, alisema njiani, anazuia nini kingine? Basi, kufika Jumatano usharika mzima ulikuwa umeshapata jibu.

Sedekia alirudi kutoka shambani jioni, akasikiliza habari yote, akaweka jembe chini.

"Nitauchoma," alisema. "Ni mti tu, Mama Yudith. Sitamharibia mtoto ndoa kwa ajili ya mti."

Alisema kwa upole, na ule upole ulimpandisha Damari hasira upya.

"Ukiuchoma umekiri! Nani ataoa binti wa mchawi aliyekiri mwenyewe? Ndugu za mchumba wake, Mika, watageuka hapo hapo mlangoni."

"Na nisipouchoma, matangazo hayasomwi."

"Ndiyo wamekufunga hapo, mbele moto, nyuma moto, nao wanajiita wazee wa kanisa! Na nusu yao wanapitia njia ya migombani kwenda kwenye pombe ya ulanzi, tunawaona. Wewe usiguse kiberiti. Naenda mimi."

Baraza la wazee lilikaa Jumamosi, katika chumba cha nyuma cha kanisa. Mwanamke haingii humo bila kuitwa. Damari aliingia na chungu kichwani, akakitua mezani katikati ya vitabu vya nyimbo. Wazee wawili walivuta viti nyuma.

"Mama Yudith," alisema Mchungaji, "hukuitwa."

"Mti umeitwa, Mchungaji. Nao hauna miguu."

Nje, wanawake waliokuwa wakifagia kanisa kwa ajili ya Jumapili waliacha kufagia. Marta alikuwa miongoni mwao.

"Niambieni kosa lake," alisema Damari.

Gideoni alikohoa. "Mungu aliumba mkuyu uwe mkubwa. Mtu akiuzuia mwaka hata mwaka, ana nia yake. Na tunaona watoto wasiokua."

"Sawa. Mzee Gideoni, wewe unafanya kazi gani?"

"Unaijua."

"Nataka kuisikia."

"Nyapara wa chai."

Damari alisogea dirishani. Ukungu ulikuwa umeshapanda, na chai ilionekana kilima kwa kilima, imenyooka juu utadhani imepigwa pasi. "Ile miti mirefu kule bondeni, karibu na mto, ile iliyopita paa la nyumba, ni miti gani?"

Gideoni alianza kuvipanga upya vitabu vya nyimbo. Alijibu mzee mwingine, ambaye naye aliwahi kuchuma. "Ile ni chai ya mbegu. Imeachwa ipate kuzaa."

"Kumbe chai ni mti! Imeachwa, ikawa miti mirefu vile. Na hii mingine inaishia kiunoni kwa sababu gani?"

"Inakatwa," alisema yule mzee, akaanza kutabasamu. "Tunaipogoa."

"Na anayesimamia ni nani?" Hakungoja jibu. "Sedekia ana mti mmoja. Mzee Gideoni ana vilima. Kama kukata mti kunadumaza watoto, hapa Mufindi angekua mtoto wa nani?"

Mtu alicheka, akajifanya anapiga chafya. Gideoni alisimama.

"Unanilinganisha mimi na mchawi? Mbele ya Mchungaji?"

"Sikulinganishi na mtu. Nakuambia kilichomdumaza mjukuu wako, maana kila mtu anakijua na hakuna anayekuambia. Marta anaingia kwenye chai ukungu haujatoka, anatoka jua limezama. Kikapu kikiwa chepesi, wewe mwenyewe, babu yake Danieli, unamrudisha mstarini. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba, na uji wa posho wa jana, mtupu, hauna maziwa, hauna hata karanga. Mti wa mume wangu haumjui Danieli hata jina! Aibu! Mtoto anataka chakula, ninyi mnamtafutia mchawi."

Gideoni alikaa tena. Mchungaji aligusa jani moja la mkuyu kwa kidole, akauondoa mkono haraka. Alisema jambo hili ni zito, litangoja, na matangazo nayo yatangoja pamoja nalo.

Yatangoja! Damari alijitwika chungu chake akapanda kilima. Njiani hasira zilimliza, na kule kulia kukamwongezea hasira. Nyumbani Yudith alimtazama usoni mara moja, akageuka kwenda kuteka maji bila kuuliza. Jumapili walikaa benchi lao la siku zote, na jina la Yudith halikutajwa.

Jumatatu alfajiri wachumaji walikuwa wanapita barabarani na vikapu mgongoni, Gideoni mbele yao na fimbo yake. Damari alikuwa anakamua maziwa. Alisikia mtu anasalimu kwa lugha ya kwao, "Kamwene" uani, akageuka. Marta alikuwa ametoka kwenye mstari, anafungua kanga mgongoni, anamshusha Danieli.

"Mama, naomba akae hapa mpaka nitoke kazini."

Msafara wote ulisimama. Gideoni alirudi nyuma mpaka kwenye ua.

"Marta! Hiyo nyumba unaijua?"

Kwa watu wa Mufindi mkwe hainui hata macho mbele ya baba mkwe, sembuse kumjibu barabarani, watu wanasikia. Marta alitazama chini kama inavyopasa. Lakini alijibu.

"Naijua, baba. Ndiyo yenye ng'ombe."

Akajitwika kikapu, akarudi kwenye mstari. Hakuna aliyecheka, ila wanawake walipoanza kutembea tena walimweka Marta katikati yao.

Wiki ile Danieli alikunywa maziwa asubuhi na jioni. Alikula maharage, alikula mayai, alilala mchana kwenye jua karibu na chungu, na akiamka Sedekia alimwachia alishike lile jiwe. Wachumaji walimwona wakienda na wakirudi. Mjukuu wa mshitaki anakula kwa mshitakiwa, sasa kesi aipeleke nani? Alhamisi ukaja ujumbe kwamba matangazo yatasomwa, wala mti hauchomwi, safari hii bila mjumbe kuingia mlangoni. Alisemea barabarani, akatembea.

Na zamu ya kusoma Jumapili ile ilikuwa ya Mzee Gideoni mwenyewe. Alisoma jina la Yudith binti Sedekia na jina la Mika kwa sauti ya mtu mwenye mafua, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi. Kisha akafika kwenye maneno ya lazima: kama yupo mtu mwenye pingamizi, aseme.

Hapo ndipo jamaa za bibi harusi huinamisha vichwa na kungoja. Sedekia aliinamisha. Yudith aliinamisha. Damari, Danieli akiwa amelala mapajani mwake, aligeuka nyuma kwenye benchi, akaanza kuwatazama watu usoni, benchi moja baada ya jingine, mmoja baada ya mwingine, wale waliosema na wale waliosikia wakanyamaza.

Gideoni alikohoa, akafungua kinywa kuendelea.

"Ngoja kidogo, Mzee Gideoni," alisema Damari bila kugeuka. "Wapo ambao bado sijawatazama."