Bei ya Mizani

Saa mbili na nusu asubuhi Mziwanda alikuwa ameshatandika meza yake, namba ishirini na saba, kati ya mtengeneza sabuni na nguzo ya ukumbi. Kofia za watoto mbele, vitambaa vya makochi katikati, soksi kikapuni, na kitambaa kikubwa cha meza kikining'inia nyuma peke yake. Kila kitu kilikuwa na kijikaratasi cha bei. Saa tatu kasoro mama yake aliingia kwa mlango wa waonyeshaji, mkoba wa plastiki kwapani. Ilikuwa miezi minane tangu afe.

"Umeweka kofia mbele," mama alisema. "Kofia watu wanazishikashika tu. Weka soksi."

Mziwanda alimwamkia, akasogeza soksi mbele. Alikuwa wa mwisho kati ya watoto saba, na jina la Mziwanda lilimganda hata alipoanza kuota mvi. Katika miaka yake arobaini na sita hakuwahi kumshinda mama yake kwa ubishi, na hakuona kwa nini kifo kibadilishe jambo hilo.

Mratibu wa maonyesho alikuja na faili lake. Hakupenda kabisa watu wa kuongezwa baada ya orodha kufungwa.

"Meza moja, mtu mmoja," alisema. "Wa pili analipiwa kiti."

"Ni mama yangu. Amefariki."

"Najua, si nilikuja msibani? Poleni tena. Lakini kiti ni kiti."

Walivutana kidogo, mwisho mratibu akaruhusu kigoda, maana vigoda havikutajwa kwenye masharti.

Mama alikaa, akatoa kroshia yake na bonge la uzi mweupe ambao Mziwanda hakuwahi kuuona dukani, akaanza kufuma. Baada ya safu tatu alimwinamia binti yake.

"Wenzangu kule wote wametulia," alinong'ona. "Mimi mikono inakataa. Inafuma tu, haijui kupumzika. Majirani wameanza kunisema. Nikaona nije huku, angalau kuna kelele."

Mziwanda aliushika mkono mmoja. Ulikuwa wa baridi kama bomba la maji asubuhi, na haukuacha kwenda. Alimwonea mama yake huruma. Mikono ile ilikuwa inadai, na alijua inadai nini.

Maisha yake yote mama aliuza kwa mizani. Ilikuwa mizani ya jikoni, ya kupimia unga, yenye sahani ya bluu iliyomeguka ukingoni. Kitu kikikamilika alikiweka juu ya sahani, akasoma gramu, akazidisha kwa bei ya uzi, akaongeza kidogo ya nauli, basi. Alijivunia utaratibu huo kuliko hata kazi yenyewe, kwa sababu hakuna mteja aliyeweza kusema amepunjwa. Kwa hiyo zulia la mlangoni la uzi mnene, kazi ya siku mbili, liliuzwa ghali kuliko shela lililomchukua wiki sita. Watoto saba walisomeshwa kwa gramu hizo. Wote walijua hesabu haikai sawa, na wote walinyamaza na kuvaa sare zao.

Kitambaa kile kikubwa kilikuwa cha mwisho alichofuma akiwa hai. Kilikuwa cha meza ya watu kumi na wawili, kwa uzi mwembamba unaokaribia wa kushonea nguo. Kwa miezi kumi na moja alikikalia kila siku, tangu vyombo vya mchana vilipokauka hadi mwanga ulipoondoka dirishani. Mwezi wa tisa wa kazi hiyo jicho la kushoto lilizima. Aligeuza kiti ili atumie la kulia, akaendelea.

Baada ya mazishi Mziwanda alichukua kalenda akahesabu. Zilikuwa saa elfu moja na mia tatu, bila kuongeza hata moja ya uongo. Alimuuliza mlinzi wa maegesho ya ukumbi analipwa kiasi gani kwa saa, akazidisha, na jibu likawa mara thelathini ya bei ya mizani. Aliandika bei hiyo kwenye kijikaratasi, akaapa kwamba kitambaa kile hakitapanda mizani. Mizani yenyewe aliiweka chini ya meza, kwa ajili ya wateja wa zamani waliopenda kuiona. Na sasa mama alikuwa amekaa mbele yake, mikono ikimkataa. Mziwanda aliamini kwamba saa zile zikilipwa itatulia.

Mpaka saa sita kijikaratasi kile kilikuwa kimesomwa na watu kama ishirini. Wengine walicheka. Mmoja aliuliza kama ni bei ya kitambaa au ya meza pamoja na viti vyake. Mwanamke mmoja aliyepandisha miwani ya jua kichwani alirudi mara tatu. Mara ya tatu alikishika kitambaa kwa mikono miwili na hakukiachia.

"Bei hii imetoka wapi?"

Mziwanda alimweleza habari ya saa, na ya msiba.

"Lakini aliyefuma si ndiye huyu?" Mteja alimwonyesha mama kwa kidevu, kwa adabu. "Samahani, mama. Ila marehemu muda anao, tena wa bure."

"Alipokuwa anakifuma alikuwa hai," Mziwanda alisema.

Mteja alifikiri. Aliupitisha mkono juu ya maua ya pembeni, yale ya mwezi wa tisa, ambayo vitanzi vyake vilikuwa vimebanana kidogo.

"Haya," alisema. "Kazi ni kazi." Akafungua pochi, akaanza kuhesabu noti juu ya soksi.

Mikono ya mama ilianza kupunguza mwendo. Mziwanda aliiona kwa jicho la pembeni. Noti ziliongezeka, kroshia ikaenda polepole, kisha ikalala mapajani. Vidole vililegea kimoja kimoja. Mama aliviangalia kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukisahau.

Kisha akaziona noti.

"Pesa zote hizo za nini?"

"Za saa zako, mama."

"Saa zipi?"

"Za kufuma kitambaa."

Mama aliona haya, kama amekutwa na mali ya mtu.

"Nilikuwa nimekaa tu, mwanangu. Kukaa nako kunalipwa?"

Aliinuka, akavuta mizani kutoka chini ya meza, akaweka kitambaa juu ya sahani ya bluu.

"Gramu mia tisa na kumi," alimwambia mteja. "Ongeza nauli. Na wewe, Mziwanda, usinitie aibu mbele za watu."

Mziwanda alifungua mdomo. Alikuwa na maneno ya miaka arobaini, na kwa dakika nzima alimchukia mama yake kama anavyochukiwa mtu asiyejitetea. Mteja hakuwa mtu mbaya. Alisubiri kidogo, na alipoona hakuna anayesema, alirudisha noti nyingi pochini, akalipa bei ya gramu, akawashukuru wote wawili.

Mama alikaa. Mikono ilishika kroshia na kuanza upya, kwa kasi zaidi kuliko asubuhi.

Alasiri alikamilisha kitambaa cha kochi cha uzi ule mweupe aliokuja nao. Bibi mmoja akauliza bei. Mama alikiweka kwenye mizani. Mshale haukusogea. Alikitoa, akapuliza sahani, akakirudisha.

"Sifuri," alisema. "Chukua, mama. Mizani ndiyo imesema."

"Hata nauli?"

"Nimekuja kwa miguu."

Kufikia jioni foleni ilizunguka nguzo. Mtengeneza sabuni alilalamika kwamba imeziba meza yake, kisha naye akajipanga. Mama alifuma, akapima, akagawa, bila kumpunja mtu. Ukumbi ulipofungwa mratibu alikuja na faili, akamwandikia Mziwanda meza kubwa ya mlangoni kwa mwezi unaofuata, kwa kuwa mama alikuwa anavuta watu.

"Na kigoda nimekiingiza kwenye orodha," alisema. "Msihangaike."

Mwezi uliofuata mama alifika kabla ya mlango kufunguliwa. Foleni ilikuwepo. Mziwanda alipanga soksi mbele. Mwanamume mmoja aliyechoka kusubiri alichukua kofia ya mtoto, ya njano, akaigeuza.

"Mbona hii ina bei na zile za mama ni bure?"

"Hii nimefuma mimi."

"Imekuchukua muda gani?"

Ilikuwa imemchukua saa tano. Alikumbuka kila moja, na mgongo ulimkumbusha. Alimtazama mama yake, ambaye hakuinua kichwa, vidole vikienda.

"Nilikuwa nimekaa tu," Mziwanda alisema, na akaiweka kofia kwenye mizani.

Kofia za saizi ile, kwa uzi ule wa dukani, zilikuwa gramu arobaini tangu aanze kuzifuma. Mshale ulipanda, ukatetemeka, ukasimama kwenye thelathini na moja. Alimtajia mteja bei ya gramu hizo.