Mfumo Mpya na Rafu ya Saba

Saa mbili kasorobo asubuhi karani wa ghala aliwasha kompyuta, akachapisha orodha ya kazi za siku, akampa kaka yake karatasi yake. Kaka yake alikuwa amefariki miezi mitano nyuma, rafu ya saba ilipomwangukia akiendesha foklifti ya kunyanyulia makasha. Lakini jina lake halikufutwa kwenye mfumo, mfumo ukaendelea kumpangia kazi, naye akaendelea kuja. Hakuwahi kuchelewa. Wenzake walilalamikia ubaridi tu, wakavaa masweta.

Wiki hiyo meneja alimtaka karani aandike pendekezo: mfumo ule usasishwe, au ununuliwe mwingine?

Ukisasishwa, kumbukumbu zote zingehamishwa zilivyo. Kaka yake angebaki. Rafu ya saba nayo ingebaki imeandikwa "nzima", kama ilivyoandikwa hata siku ya ajali. Ukinunuliwa mpya, kila rafu ingepimwa kwanza, na wafanyakazi wangeandikishwa upya mmoja mmoja, kwa alama ya kidole chenye joto.

Mapumziko yalipofika alimkuta kaka yake amekaa juu ya makasha ya sabuni.

"Wameniachia mimi zigo hili la kuchagua mfumo, wa zamani au mpya, kaka."

"Pale saba anaendesha nani siku hizi?"

"Baba Pacha. Mkewe kajifungua juzi juzi tu."

Kaka yake alijikuna shingo, pale ilipovunjika. "Basi andika mpya, mdogo wangu."

"Na mama je? Kila jioni ananiuliza umeshindaje."

"Mwambie nimeacha kazi."

Aliandika mpya, akatia saini, akaenda msalani kunawa uso. Alinawa mara mbili.

Meneja aliisoma karatasi akiwa wima. "Umeandika vizuri sana," alisema. "Ila tutasasisha. Kupima rafu ni kufunga ghala wiki nzima, wateja hawatatuelewa. Halafu kaka yako mchapakazi, hata likizo haombi. Nilidhani utafurahi."

Karani alifurahi. Hilo ndilo lililomuuma.

Jumatatu mfumo uliwaka na herufi kubwa za buluu. Rafu ya saba ilikuwa nzima. Kaka yake na Baba Pacha walikuwa wamepangiwa zamu moja, pale pale saba. Karani aliwapa karatasi zao. Wakaondoka bega kwa bega, Baba Pacha akimwonyesha mwenzake picha za wanawe kwenye simu, na kaka yake akiuliza yupi ni yupi.