Mwamba wa Adelard

Saa ya chai kiwandani Temeke, Adelard hakuwa na hadithi nyingine ila maporomoko ya kwao Uluguru. Wazungu walikuja na kamba zao kupanda mwamba ulio kando ya maji, naye, eti, akiwatangulia mikono mitupu. Ukweli ni kwamba kamba zile alizibeba mgongoni, akazitua chini ya mwamba, akalipwa, akarudi nyumbani.

Mwaka wa sabini wafanyakazi wakapanga safari ya kwenda kuyaona maporomoko hayo. Walifika baada ya kupanda mlima kwa muda wa saa tatu. Maji yalishuka kwa kishindo, watu wakapiga kelele kusikilizana.

"Haya ndugu, tuongoze," alisema Shomari, fundi wa mashine mwenzake, mpole, mzaliwa wa Mbagala.

"Goti linanisumbua," Adelard akajibu. "Panda wewe, mie nikuelekeze."

Shomari akavua viatu. Alimwamini mno hata hakuuliza mara mbili. Alipofika juu kimo cha watu wawili, mwamba ukawa na utelezi, akaganda.

"Adelard, mguu niweke wapi?"

Adelard hakujua. Wenzake wote walikuwa wakimtazama.

"Kulia," akasema.

Kulia hakukuwa na kitu. Shomari akateleza, akaangukia mawe, na mkono wake ukavunjika.

Mwanakombo, msimamizi wa zamu yao, alimfunga mkono kwa kanga yake. Kisha akamgeukia Adelard. "Wewe hapa umewahi kupanda?"

Kabla Adelard hajajibu, Shomari akadakia, "Muacheni. Aliniambia kushoto, nikasikia vibaya. Maji yana kelele."

Adelard akainamisha kichwa. Waliposhuka mlima, njia nzima hadi hospitali, na baadaye hadi Dar, alikaa nyuma ya lori lililowaleta akiangalia vidole vya miguu yake.

Jumapili akaenda Mbagala. Alimkuta Shomari uani, mkono umetundikwa shingoni kwa kitambaa.

"Ulisikia vizuri. Nilisema kulia. Na sijapanda mwamba ule hata siku moja."

"Najua," alisema Shomari. "Uliponyamaza kidogo kabla ya kujibu, nilijua."

"Kwa nini ukanifichia?"

"Ningekuaibisha mbele ya Mwanakombo, ningepona upesi?"

Adelard akatamani atukanwe. Kesho yake, saa ya chai, alisimama akawaambia wenzake yote. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi.